Mama wa Meza ya Bwana

Kila ilipokaribia Jumapili ya Meza ya Bwana, yule mama aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akainusa. Ikiwa bado ina harufu ya dagaa, aliosha tena. Chapati za Meza alizikausha kikaangoni bila mafuta wala hamira. Kanisani kwao divai ilikuwa mwiko, kwa hiyo alichemsha rozela, akaionja kwa ncha ya kidole huku amekunja uso. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata alipomfukuza kuku jikoni alimwita mama kwa Kisukuma: "Samahani, mayu."

Bernadina, mke mgeni aliyeolewa hapo machimboni Geita akitokea kwa Wakatoliki, alimjua hivyo tu, kwa kumtazama uani. Jumapili ile alikuwa amejiapiza: wakinicheka, sirudi. Wazee wengi wa kanisa walikuwa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wakichimba, basi sinia likapitishwa na yule mama. Lilipomfikia, Bernadina alifumba macho, akatoa ulimi, kama walivyopokea kwao.

"Mikono, shemeji!" mzee mmoja akacheka. "Huku hatulishwi kama makinda!"

Benchi zima likacheka chini chini. Yule mama akamega kipande, akakiweka taratibu juu ya ule ulimi. Akasogea kwa aliyefuata, naye hakumpa mkononi. Akasubiri mpaka huyo naye akafungua kinywa. Akaenda hivyo, mmoja mmoja. Kwa yule mzee akasimama, kipande kikiwa hewani, vidole vikinukia sabuni. Mzee akatazama huku, akatazama kule, akafumba macho, akaachama.