Siku Niliyoitwa Sista

Nikifunga macho siku ile inarudi yote, mwanangu, hata harufu ya dawa ya kuoshea sakafu ya wodi. Ikirudi nacheka kwanza, halafu namkumbuka mama yangu.

Lakini wacha nianze nyuma kidogo, maana nikianza katikati hata mimi mwenyewe napotea. Shule niliachia kidato cha pili. Karo iliisha, na akili ilikuwa imetangulia kuisha, kwa hivyo usitarajie nipange maneno kama mwalimu.

Nilizaliwa huko juu ya Nkubu, upande wa Meru, nyumba ya watu wa kanisa, kahawa na ndizi na ng'ombe mmoja mwenye madharau. Jina nililopewa ni Gakii. Kisha nikaolewa na Kassim, dereva wa lori kutoka mji wa Maua, mtoto wa nyumba ya Waislamu, nikaingia dini hiyo nikaitwa Halima. Watu wanapenda kusema nilidanganywa na mwanaume. Kassim, Mungu amrehemu, hakuwa na uwezo wa kudanganya hata mbuzi. Nilipenda mwenyewe. Hijabu ya kwanza nilijifunga mbele ya kioo, nikafanana na kabichi inayopelekwa soko. Lakini nilipotoka nje nikajisikia nimesimama sawa, kama mtu ameambiwa neno zuri sikioni. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Mama yangu hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa afadhali. Alisimama kwa mlango wa jikoni, mikono ina unga, akasema, "Gakii, hapa ni kwenu. Lakini ukija, uje na kile kichwa nilikuzaa nacho." Akarudi kwa mwiko wake.

Basi sikwenda. Yeye na kiburi chake, mimi na changu, na changu nilikirithi kwake. Tuliishi Meru mjini, na kutoka pale mpaka kwetu si mbali, mtu anaweza kwenda na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Ndio uchungu wenyewe huo. Ningekuwa nimeolewa Uarabuni ningejifariji na bahari. Sasa mimi naamka asubuhi naangalia upande wa kwetu, naona mawingu ambayo saa hiyo hiyo mama anayaangalia akiuliza kama atatoa nguo nje au ataacha.

Nilikuwa naenda soko kutafuta wale akina mama wa ndizi wanaotoka upande wetu. Nasimama hapo nabonyeza ndizi, nasikiliza vile wanaongea, maana wanavuta maneno vile mama anavuta. Halafu kwa aibu ya kusimama bure nanunua. Nyumbani ndizi zinaoza, naleta zingine. Siku moja Kassim akaniuliza, "Halima, kwani tumefuga tumbili na sikuambiwa?" Nikacheka mpaka nikalia, na yeye akajua. Hakuniuliza tena. Akawa anakula ndizi kimya kimya, masikini, asubuhi na jioni.

Na huko nje nako hakukuwa rahisi. Redio ikitangaza ubaya umefanyika mahali popote, hata pale sijawahi kusikia jina lake, kesho yake ni mimi naangaliwa. Kuna mama tulikuwa tunasalimiana kila siku kwa kinu cha posho, akaanza kunisalimia kwa mbali, vile mtu anasalimia mbwa asiyemjua. Watoto wanaimba "bomu, bomu" nikipita. Mimi, ambaye nikiwasha jiko la mafuta natoroka!

Sasa siku moja ndugu yangu Mwenda akaja, hata hakukaa.

"Mama ameanguka kwa shamba ya ndizi. Paja imevunjika. Yuko hapo Nkubu, hospitali ya mission."

"Amesema niitwe?"

"Hapana."

Tukaangaliana. Akasema, "Lakini hajasema usiitwe."

Nikapika uji wa mtama nikaweka kwa chupa, nikapiga pasi hijabu yangu nyeupe, ile ya kutoka, nikaenda. Pale geti askari aliposhika mkoba wangu, ungefikiri amengoja siku hii tangu aajiriwe.

"Umebeba nini?"

"Uji."

"Uji ya nini?"

"Ya mgonjwa."

Akafungua chupa, akanusa, akaangalia ndani kama mtu anatafuta waya kwa uji. Wengine wote wanapita na vikapu vyao. Mimi nimesimama hapo natabasamu kama mjinga, maana mtu akiogopwa inabidi atabasamu sana.

Nikafika wodi ya wanawake. Mama alikuwa amelala mguu umefungwa kamba na vyuma vya kuuvuta, hawezi kugeuka upande wowote. Lakini aliponiona, shingo aliigeuza yote ikaangalia ukuta. Nikamwita. Ukuta ndio ungejibu upesi.

Nikasimama na chupa yangu ya uji, sijui niende au nikae. Ndipo kitanda cha pili nikasikia sauti.

"Sista! Umekuja, Sista? Kuja unishike mguu, umekufa ganzi."

Nikageuka nione sista yuko wapi. Hakuna mtu. Alikuwa nyanya mzee sana, wodini wanamwita Cucu Kanyua, maana kwetu nyanya ni cucu, macho yamefunikwa na ukungu. Hospitali ile ilikuwa na masista, wale watawa wa kanisa, wanaovaa vitambaa vyeupe vichwani, na yeye ameona kitu kirefu cheupe kimesimama hapo, akamaliza hesabu. Sasa ningefanya nini? Nikakaa, nikaanza kukanda mguu. Mama yangu amenigeuzia kisogo, mama wa watu anashika mkono wangu ananibariki.

Kesho nikarudi, na kesho kutwa. Uji naweka kando ya mama, akijua nimeenda anakunywa, nikiwa hapo haguzi. Kwa hivyo nakaa kwa Cucu Kanyua, nakanda, namchana nywele, naongea kwa sauti kidogo ili mama asikie. Namwambia Cucu habari za watoto wangu... ngoja, hapana, hizo nilikuwa nameza! Sista ana watoto wa wapi? Nikawa nasema "watoto wale ninaolea". Wodi nzima ikajua mama yangu, Mama Mwenda, ana binti sista. Wananiambia, "Sista, niombee." Wananipa nduma za kuchemsha nipeleke kwa masista wenzangu. Wanamwambia mama, "Kumbe uko na mtoto kama huyu na umenyamaza tu?"

Mama ananyamaza. Mimi nanyamaza. Uongo umekaa katikati yetu unakunywa uji.

Na nitakwambia ukweli, ilikuwa tamu. Geti mimi gaidi, wodi mimi mtakatifu, na kitambaa ni kile kile, hata sijakifua. Lakini nikirudi nyumbani jioni najisikia baridi. Walikuwa wanampenda huyo sista. Mimi hawakunijua, na yule mmoja aliyenijua alikuwa anaangalia ukuta.

Jumapili wakaja wamama wa kundi la kanisa ambalo mama yangu alikuwamo, na sare zao, na vitambaa vyao vichwani vimefungwa vizuri. Mbele yao Mama Kinoti. Huyo mama alikuwa na sauti, akinong'ona mbwa wa jirani anaamka. Cucu Kanyua akawakaribisha kwa furaha, "Karibuni, na Sista yuko hapa, tutaombewa vizuri."

Mama Kinoti akaniangalia juu mpaka chini.

"Sista gani? Huyu ni Gakii! Si ndio yule aliolewa na hao watu wa Maua?" Akageukia wodi yote. "Huyu si sista. Huyu ni Muislamu, anawadanganya nyinyi wagonjwa."

Vyuma vya mguu wa mama vikacheza. Mwanamke mmoja akavuta mtoto wake karibu.

"Tunataka kuomba," Mama Kinoti akasema. "Toa hiyo kitu kwa kichwa ama utoke."

Mwanangu, nilikuwa nimechoka. Nimechoka geti, nimechoka kinu cha posho, nimechoka kuangalia kisogo cha mama. Nikafikiria, huyu mzee anataka tu kichwa kile alinizaa nacho, si nimpe, nipate mama yangu. Mkono ukaenda kwa pini. Ukaifungua.

"Gakii."

Ilikuwa mama. Shingo ilikuwa imerudi kwangu.

"Wacha."

Nikasimama mkono hapo hapo.

"Hiyo kitu ndiyo ilinifanya nikukose. Nimekulilia kwa sababu yake mpaka macho yakaisha maji. Kama ni kitu unaweza kutoa kwa sababu ya mdomo ya Mama Kinoti, basi uliniacha bure."

Akamgeukia mwenzake.

"Na wewe Mama Kinoti. Mimi na wewe tumefunga vichwa tangu tuwe wasichana. Nani amewahi kutwambia tufungue ndio Mungu asikie? Huyu si sista, ni kweli. Ni Muislamu, hiyo pia ni kweli, na mimi sipendi, na sitapenda. Lakini ni msichana wangu. Mkitaka kuomba, ombeni na yeye akiwa hapa."

Kabla Mama Kinoti hajafungua mdomo, Cucu Kanyua akanyoosha mkono hewani ananitafuta.

"Sasa mguu wangu utakandwa na nani?"

Wodi ikaangua kicheko, hata yule mwenye mtoto. Wakaomba. Mimi nikainamisha kichwa nikaomba yangu. Walipotoka, mama akasema, "Kuja hapa." Nikainama. Akashika ile pini akaifunga mwenyewe, na vidole vyake havikuwa vimezoea, akanichoma shingo. Kama ilikuwa bahati mbaya sijui mpaka leo.

"Leta uji," akasema. "Na kesho uweke sukari, siku hizi zote unaniletea uji wa mbuzi."

Alipotoka hospitali nilikuwa naenda kwetu, na hijabu yangu kichwani. Alinipokea mimi, hijabu hakuipokea. Aliiangalia kila mara kama mgeni aliyeletwa na mgeni mwingine bila kusema. Lakini tuliketi jikoni, tukamenya nduma, tukagombana kuhusu chumvi. Haukuwa muda mrefu. Mungu alimchukua wakati kahawa inatoa maua, na kila mwaka ikitoa maua mimi sina kazi ninayofanya vizuri. Natamani kugombana naye kuhusu chumvi. Natamani ile miaka niliyokaa mjini nikibonyeza ndizi za watu, hali yeye alikuwa pale juu, mzima, mkali, anaanika nguo zake. Ningeenda. Angenifukuza, lakini ningekuwa nimemwona akinifukuza.

Sasa nyinyi wasichana mnakuja hapa kwangu, mmoja ameambiwa kazini afungue, mwingine amevutwa kitambaa stejini akingoja matatu, mwingine anafunga akitoka kwao na kufungua kabla hajafika chuo, na mnaniuliza mfanye nini kana kwamba mimi ni wakili. Nitakwambia nililo nalo. Usiitoe kwa sababu ya mdomo wa mtu. Siku ukitaka kuitoa au kuivaa, hiyo ni kesi yako na Mungu wako, asiingie mtu wa tatu. Usikubali pia kupendwa kwa makosa. Kama wanakupenda kwa sababu hawajakujua, waambie mapema, wakikasirika wakasirike na mtu wa kweli. Na hili ndilo kubwa: kama aliyekukasirikia ni mama yako, au dada, au yeyote unayemlilia usiku, usikae mbali ukingoja abadilike. Nenda. Nenda na kichwa chako kimefungwa, bisha hodi, akikufukuza rudi nyumbani ule, halafu siku nyingine nenda tena. Anaweza kukosa kuipenda mpaka mwisho, na bado akawa wako.

Mungu akusimamishe sawa, mwanangu. Akutie nguvu bila kukutia uchungu. Wale waliokuogopa akufungulie mioyo yao polepole, na yule unayemkosa akuwekee uhai wake, ufike mapema, ukute chai bado ina moto. Amina.