Unga wa Kinu cha Mama Mukubwa

Bukari, ugali wetu, ilitoka sufuriani na rangi ya kijani. Si kijani cha sombe, majani ya muhogo, hapana: kijani cha kutu ya shaba. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa amekwisha kumeza matonge mawili, akayatapika yote mkekani. Unga ule alikuwa ametutumia mama mukubwa, dada ya mama yangu, mjane anayeishi peke yake kwenye kinu cha maji, nje ya mji, mbele ya mtaa wa Kasungami. Na mimi, mjinga, nilikuwa nikiwasifia majirani unga huo! Nikapanda pikipiki kwa hasira, nikaenda kwake.

Kinu kile kilijengwa na mzungu mmoja mwenye shamba, zamani za wakoloni. Kuta za matofali mekundu, nene, na chini yake tao ambamo maji ya mfereji yanapita na kuzungusha gurudumu la chuma. Juu kuna chumba cha mbao na sanduku la kumwagia mahindi. Kati kuna mawe mawili ya duara: la chini limetulia, la juu linazunguka. Mzungu alipoondoka, fundi wake, mume wa mama mukubwa, akabaki nacho. Wanawake walipanga foleni mpaka mtoni, wanacheka, wanasengenyana. Kisha mashine za umeme zikaja, foleni ikaisha, mzee akafa.

Safari hii nilisikia harufu kabla sijaona paa. Mfereji umejaa tope la kijani lenye povu. Chini ya tao watu wamekojoa, na wamefanya na yale mengine. Inzi, Mungu wangu! Nikapanda ngazi nimeziba pua kwa kitambaa cha kichwa. Ndani, wachimbaji wawili, vifua wazi, walikuwa wakizoa vumbi la mawe ya shaba waliyoyasaga, pale pale panapotokea unga. Mmoja akapenga kamasi, akajifuta ukutani.

Mama mukubwa alikuwa amepiga magoti, anafagia ukingo wa jiwe.

"Ninafagiaka muzuri," akasema aliponiona uso. "Bakimaliza mawe yabo, ninafagia, kisha ninasaga mahindi yenu."

"Mama, hii ni sumu! Unataka kuua batoto bangu?"

"Sumu gani? Miye ninakulaka kila siku. Niko muzima."

Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka ndani ya kucha. Nilitamani kulia, nilitamani kumpiga mtu. Nikamwambia afunge vitu vyake, twende kwangu mjini, leo hii, asile tena uchafu huu.

Yeye akatoka nje, akasonga bukari ya unga ule ule, akaileta na samaki mkavu wa Pweto, wa ziwani, akanimiminia maji ya kunawa. Mimi sikunawa. Yeye akamega tonge, akalipeleka mdomoni.

Nikashindwa kuvumilia. Nikanyakua sahani, nikaimwaga yote mferejini. Kwetu hakuna mtu anayemwaga chakula mbele ya mkubwa wake. Hata wale wachimbaji waliacha kuzoa, wakatugeukia.

Mama mukubwa akajipangusa vidole kwenye kitenge, kimoja kimoja.

"Aba bantu beko bachafu, ni kweli," akasema. "Lakini kila asubui banakuyaka kunisalimia. Weye umekuya juu ya unga tu."