Dola ya Mwanamke Aliyekalia Marobota

Nilipokuwa mtoto, mama yangu hakuwaogopa maofisa waliokagua viza, wala wenye maduka wa Shahe, soko la nguo za jumla, waliomfokea akitaka wapunguze bei. Aliogopa hela asiyojua ilikotoka. Alizaliwa Tanga, akaolewa Mombasa, na kote huko alisikia habari za chuma ulete: hela iliyofanyiwa dawa, ambayo mtu huipenyeza katikati ya hela zako, nayo ikishaingia huwavuta wenzake na kurudi nao kwa aliyeituma. Umeuza vizuri kutwa nzima, jioni unafungua droo, tupu. Hofu hiyo mama aliibeba hadi Guangzhou, China, pamoja na iliki na mbuzi ya kukunia nazi.

Tuliishi chumba kimoja ghorofa ya tatu: yeye, mimi na mdogo wangu Yusuf, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Baba alikuwa Mombasa akipokea mizigo, na mama alinunua nguo huku na kuzituma. Asubuhi moja alirudi kutoka Shahe, akamwaga mkoba wake wa kiunoni kitandani ili atenge chenji. Katikati ya sarafu za yuan ikaanguka moja kubwa, nzito, nyeupe iliyofifia. Sikuwahi kuona pesa nzuri vile. Upande mmoja palikuwa na tai. Upande wa pili ameketi mwanamke juu ya marobota ya bidhaa, amenyoosha mkono kuelekea baharini, na kumzunguka zimegongwa alama ndogo za Kichina.

Siku hizi najua ilikuwa dola ya zamani ya Wamarekani, iliyotengenezwa makusudi kwa biashara ya huku, na kwamba kila tajiri wa Canton, jina la zamani la Guangzhou, aliyeipokea na kuridhika nayo aliigonga muhuri wake. Wakati ule nilimwona mwanamke tu.

"Mama, huyu ni wewe," nikasema. "Amekalia mzigo."

Hakucheka. Aliitazama ile sarafu kama mtu anayetazama mdudu kwenye chakula. "Nani kanipa hii?" akauliza, na aliyeulizwa si mimi. Katika zogo la Shahe alikuwa amepokea chenji mikononi mwa watu wengi, hakumkumbuka hata mmoja. Akaifunga kitambaani pamoja na pilipili kavu, akaiweka dirishani, mbali na pesa zake.

Papa Jean, jirani yetu kutoka Lubumbashi aliyekuwa akinunua mikoba kwenye soko la ngozi la Shiling, alipopita kutusalimu aliomba kuiona. Aliiangusha sakafuni, ikatoa mlio mwembamba uliokaa hewani muda mrefu.

"Mama Nasra, hii ni argent, feza ya kweli," akasema. "Sikia vile inalia. Usiitupe, batu banatafutaka bintu ya namna hii."

"Ndiyo maana inaimba, Papa Jean," mama akajibu. "Inawaita wenzake."

Papa Jean akacheka mpaka akakohoa. Mama alikuwa na msimamo wake: siku ya kwanza atakayopata nafasi atashuka mtoni akaitupe. Nilisikitika sana, maana kila alipotoka nilikuwa nikifungua kitambaa kumtazama yule mwanamke.

Nafasi haikupatikana. Yusuf alishikwa na homa. Mama alimpeleka hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka, kisha ikapanda tena. Alikuwa amelegea begani kwa mama, midomo imekauka, hata kulia hawezi sawasawa. Nilimwona mama akitazama dirishani. Aliamini ile hela imekosa pesa za kuvuta, sasa inamvuta mwanawe.

Ndipo akapanda Ayi. Alikuwa mwenye nyumba wetu, mama wa makamo, na Ayi ndivyo Wachina wanavyomwita mama mdogo. Alimgusa Yusuf shingoni, akaniambia mimi, kwa kuwa Kichina nilikuwa nakisoma chekechea na mama alijua cha sokoni tu: achemshiwe yai, na itafutwe fedha, yaani madini yenyewe, ya zamani. Mama akavua bangili zake za dhahabu. Ayi akatikisa kichwa. Lazima iwe fedha. Yake mwenyewe alikuwa amempa binti yake aliyeolewa mbali.

Nilimtazama mama, naye alijua ninachofikiria.

"Usithubutu," akaniambia.

Lakini Ayi alishaona macho yangu yanakokwenda. Akakifungua kile kitambaa, akapangusa pilipili, akaipuliza sarafu ukingoni na kuisikiliza sikioni, kupima kama ni fedha halisi. Uso wake ukachangamka.

"Mwambie hapana," mama akasema. "Mwambie hiyo hela inavuta."

Nikamwambia. Nilitarajia Ayi aitupe kama imemchoma. Badala yake aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu utotoni.

"Ndiyo kazi yake," akasema. "Mwambie mama yako, itavuta moto."

Niliposema hivyo kwa Kiswahili, mama aliitazama ile sarafu, akamtazama Yusuf. Kisha akaketi kitandani, akamlaza Yusuf mapajani, akamvua fulana. "Bismillahi," akasema, akafumba macho.

Ayi alitoa kiini cha yai, akaichomeka sarafu ndani ya ute uliogandana ukiwa bado moto, akafunga kwa leso. Akaanza kuviringisha: kipajini, kifuani, mgongoni, kwenye nyayo. Chumba kilinuka yai na pilipili. Alipofungua leso, mimi nilirudi nyuma nikagonga ukuta. Sarafu ilikuwa nyeusi, ukingoni ina rangi ya samawati na wekundu kama wa mafuta juu ya maji. Yule mwanamke hakuonekana tena. Na Yusuf alikuwa amelala, jasho limemtoka mwili mzima.

Mama alilia. Ayi akashuka na sarafu, akaisugua kwa majivu, akairudisha ikimetameta.

Nimekua, nimesoma. Najua yai lina salfa, na salfa huitia fedha weusi, mgonjwa awepo asiwepo. Najua pia kwamba dawa ya hospitali ilikuwa tumboni mwa Yusuf. Nayajua yote hayo, na nikikumbuka leso ile ilivyofunguliwa, nywele bado hunisimama.

Mwaka juzi niliipeleka kwa mzee mmoja wa sarafu za kale huko wilaya ya Liwan, Guangzhou. Akasema ni halisi, kisha akauliza kwa uchungu ni nani aliyeisugua, kwa sababu majivu yameondoka na sehemu kubwa ya bei yake. Nilipomsimulia mama, alinyoosha mkono nimrudishie. Anaiweka kwenye kopo la chai, peke yake, na hadi leo haruhusu pesa yoyote ikaribie kopo hilo.

"Kama bado unaamini ni chuma ulete," nikamuuliza, "kwa nini hukuitupa?"

Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. "Chuma ulete humtumikia aliyeituma," akasema. "Siku ile ilitumwa na Ayi."

Mama alikichukua kitu alichokiogopa kuliko vyote, akakubali kipitishwe juu ya mwili wa mwanawe kwa mkono wa mtu ambaye hawakuwa na lugha moja. Mimi, kwa umri wangu huu, sijawahi kumwamini mtu kiasi hicho.