Gunia Nililochoma Bila Kuuliza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa huinamisha macho. Nilikuwa mke mgeni hapa Gisenyi, sijatimiza mwaka katika nyumba ya mume wangu. Mimi nililelewa Tanzania, kule Ngara, wazazi wangu walikokuwa wakimbizi. Yeye na mama yake walitoka Kongo. Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, chao kimechanganyika na Kifaransa, na nakuambia ukweli, kwa hilo nilijiona mtu wa maana.

Tuliishi na mama mkwe wangu, Mama Venansia. Mlangoni mwa chumba chake, panapoonekana toka sebuleni, alikuwa na gunia lililojaa nguo zilizochakaa: mashati yaliyotoboka viwiko, sweta zilizofumuka, vitenge vilivyopauka hata maua yake hayaonekani. Kila jioni baada ya kula alitoa kipande, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akakikata. Mimi niliona aibu tu. Nilikuwa nimeanza kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini, na Jumamosi hiyo wenzangu watatu walikuwa waje kunitembelea. Nikawaza watakavyoyaona yale matambara, waseme nimeolewa na watu wa shida.

Asubuhi Mama Venansia alikwenda Nyamyumba kuloweka magoti yake kwenye chemchemi ya maji ya moto, kama alivyozoea. Nikasubiri apotee kwenye kona. Nikaliburuta gunia hadi shimo la taka nyuma ya nyumba, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha. Zile nguo zilichelewa kuungua. Zile sweta zilitoa harufu ya nywele zinazoungua. Wageni walikuja, wakanywa chai, wakaisifu nyumba, wakaondoka. Wala sikumbuki tulizungumza nini.

Alasiri mama mkwe akarudi. Aliingia chumbani, akatoka, akasimama uani.

"Saki yangu iko wapi?"

"Nimelichoma, mama. Zilikuwa nguo za kutupa."

"Donc ulichoma. Bila kuuliza mutu."

Hakupaza sauti. Aliinama juu ya lile shimo na magoti yake mabovu, akaokota kijiti, akaanza kuchokora majivu. Akawa anatoa vifungo, kimoja kimoja, vingine vimeyeyuka, akavifuta kwenye kitenge chake. Nikasogea kumsaidia.

"Acha," akaniambia.

Halafu, akiwa bado amenipa mgongo, akasema: "Mule mulikuwa mashati ya Faustini. Nilikuwa nakata ya kufunika mutoto wako. Nilipenda alale mu nguo ya baba yake mukubwa."

Faustini alikuwa mwanawe wa kwanza, fundi mwashi, aliyekufa kwa homa kule Goma kabla sijaolewa. Hakuacha mke wala mtoto, hata picha hakuacha. Nami nilikuwa na mimba ya miezi mitatu ambayo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mume wangu. Yule mama alikuwa ameiona kwa macho yake, akanyamaza, akaanza kukata vipande.

Siku zilizofuata hakula nami. Alipika, akaniwekea changu, akaenda kula chumbani kwake. Nilipomwomba mume wangu aniombee msamaha, alikataa. "Hili nenda mwenyewe," alisema.

Niende wapi? Nikawaza kama kuna nguo ya Faustini iliyobaki popote, mpaka nikamkumbuka wifi yangu, Esperansi, aliyekuwa akiuza vitunguu Goma. Siku ya mapumziko nikachukua kibali changu, nikavuka mpaka pale barieri ndogo pamoja na wanawake waliojitwika mabeseni, nikamkuta sokoni. Nikamweleza yote, bila kujitetea.

Aliweka kando kitunguu alichoshika. "Shati ya Faustini iko moja," akasema. "Lakini, wifi, ni ya kupangusa chini. Ninapangusaka nayo jikoni."

"Nipe hilohilo."

Akanipeleka kwake, akalitoa. Lilikuwa limekakamaa kwa masizi na mafuta. Nikalifua mara tatu pale uani kwake, mpaka rangi yake ikatokea, kijani chenye mistari. Nikarudi nalo likiwa bichi. Mpakani afisa akaniuliza nimebeba nini. "Shati la shemeji yangu," nikamjibu. Akanipisha.

Nilimkuta Mama Venansia akichambua maharage. Nikapiga magoti, nikaliweka mapajani mwake. Alilitazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye mshono wa bega.

"Hapa ni mimi nilishona," akasema.

Hakutamka kwamba amenisamehe. Aliomba mkasi. Palipokuwa pazima ni mgongoni tu, upana wa viganja viwili. Akakikata kipande hicho polepole, kisha akanikabidhi sindano. "Shona we. Mi nitakuonyesha."

Jioni ile tulikula sahani moja.

Binti yangu alipozaliwa alifunikwa kwa kile kipande, tumekizungushia vingine tulivyoomba kwa majirani. Bibi yake, kabla hajafariki, aliwahi kumwona akitembea. Lakini mashati mengine ya Faustini yalikwenda, mwanangu, na hakuna nilichoweza kufanya yarudi.

Sasa nakuona wewe na wenzako. Nguo inanunuliwa sokoni Mahoko leo, baada ya miezi miwili imetupwa kwenye mtaro. Mvua ikija, maji yanakosa njia, yanaingia nyumbani kwa mtu. Nakuomba, kabla hujaitupa, ikunjue uitazame. Ng'oa zipu, itafaa suruali nyingine. Palipo pazima pamvalishe mtoto. Palipochoka pajaze mto, au pawe tambara la jikoni. Kama hujui kushona, mpelekee mwenye cherehani, au njoo kwangu, macho yangu bado yanaona tundu la sindano nikivaa miwani. Na kama nguo si yako, hata iwe imetoboka namna gani, uliza kwanza. Mimi sikuuliza.

Mungu akuvike, mwanangu, wewe na wote utakaowazaa. Akupe mikono isiyoona haya kushona kiraka. Na siku utakapokuwa na la kuuliza, akujalie uwakute wale wa kuwauliza wangali hai.