Gatakaa Aapishwa kwa Kesi ya Mchezo

Gatakaa hupikia wanafunzi chai kwa chuo fulani ya sheria huku Meru. Juzi mwalimu alimwomba awe shahidi kwa kesi ya kuigiza, ati wanafunzi wajifunze. Akapewa karatasi: aseme aliona jirani akiiba ng'ombe. Sawa. Lakini wakamshikisha Biblia, na ya ukweli!

Gatakaa, mama wa kanisa, akaapa, halafu akasema, "Mimi sikuona ng'ombe yoyote. Hawa ndio wameniambia niseme."

Darasa ikacheka. Mwalimu akawaka: "Mama, huu ni mchezo tu!"

"Mchezo na umeniapisha? Baba yangu alinyang'anywa shamba na mashahidi wa karatasi kama hii. Kumbe ni hapa mnawafundisha!"

Akatoka na Biblia kwapani, na hajairudisha.