Homa Isiyojua Asubuhi

Binti yangu alipokuwa darasa la tatu alishikwa na ugonjwa uliofuata saa kuliko daktari yeyote aliyewahi kumpima. Jua likielekea kuzama nyuma ya milima ya Nyandarua, mwili wake ulianza kuchemka. Magoti na vifundo vya mikono vilimuuma hata asiweze kushika kijiko, na mabaka mekundu yakamtoka kifuani. Asubuhi amepoa, mabaka yametoweka, anachechemea kidogo tu na kudai chapati.

Na hospitali watu huenda asubuhi.

"Mama, huyu mtoto hana homa," daktari wa kwanza aliniambia, hapa mjini Nyeri.

"Anayo jioni, daktari."

"Lakini saa hii ni asubuhi."

Akampima damu, akamkuta na taifodi. Kwetu taifodi ni kama chai: ukishaingia kwa watu, utatokaje bila kupewa? Tulimaliza dawa, homa ikaendelea na ratiba yake.

Tukapanda Nanyuki, kwenye kliniki ya vioo na viti vya ngozi, tukitumaini kwamba mahali palipong'aa vile pana akili zaidi. Daktari wa huko akauliza kama tunakunywa maziwa. Nikamwambia sisi ni watu wa Nyeri, tusipokunywa maziwa tutakunywa nini? Akatikisa kichwa kwa huzuni na kutupa brusela, ule ugonjwa wa maziwa yasiyochemshwa. Nilipomwonyesha picha za mabaka nilizopiga kwa simu, alizitazama kwa mbali.

"Simu za siku hizi zinaongeza rangi, mama."

Nyumbani nilikuwa na wataalamu wengine. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, kwa hiyo anajua kila kitu.

"Ni mifupa inakua," alisema bila kuinua macho kwenye taarifa ya habari. "Hata mimi iliniuma nikiwa mdogo."

"Ilikuuma mpaka ukalishwa?"

"Mimi sikuwa na mama wa kunipiga picha."

Mama mkwe wangu naye alikuwa na uchunguzi wake. Mtoto amepewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo, basi kwake ugonjwa huo ulikuwa ni shauri la watu wawili. "Tangu muanze kumwangalia vibaya huyo mtoto, hata mimi magoti yananiuma," alinilaumu. Ana zaidi ya miaka sabini na amechuma kahawa maisha yake yote, lakini kosa la magoti yake lilikuwa langu.

Ni yeye aliyetupeleka Kerugoya kwa mchungaji wake. Yule mchungaji alishika kipaza sauti, akamwekea binti yangu mkono kichwani, akanguruma: "Ni nani katika nyumba hii amebeba uchungu moyoni?"

"Ni mimi," mtoto akajibu. "Lakini si kwa moyo, ni kwa magoti."

Watu walicheka, mchungaji hakucheka. Alimwombea kwa nguvu, kisha akamgusa mtoto paji la uso adhuhuri ile na kutangaza kwamba homa imetoka. Makofi yakapigwa. Homa kweli ilikuwa imetoka, ikatutangulia kutungoja Karatina. Tulipofika hapo jioni, mtoto alikuwa anatetemeka mapajani mwangu, na mama mkwe akawa anatazama nje dirishani kana kwamba hakuja nasi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwenye hospitali kubwa. Daktari wa watoto, kijana mpole, alimgeuza huku na huku, kisha akaanza kunitazama mimi.

"Mama, unalala vizuri? Wakati mwingine anayehitaji kupumzika ni mzazi."

"Sawa," nikamwambia. "Nitapumzika hapa."

Nikaketi kwenye benchi nje ya mlango wake. Mchana tukala mkate na ndizi. Wagonjwa wakaisha. Mlinzi akaja kutuambia kliniki imefungwa, nikamwambia waifunge tu, sisi hatuko ndani. Aliponiuliza ninangoja nani, nilisema nangoja ugonjwa, akaondoka haraka.

Kisha niliona binti yangu ameanza kujikunyata ndani ya sweta. Nikamgusa shingo, ilikuwa moto. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mtoto wangu analia kwa maumivu ya viungo, na mimi moyoni nashangilia kama aliyefunga bao.

Daktari alitoka na begi lake, funguo za gari mkononi. Nikainua sweta la mtoto. Alisimama. Akaweka begi chini, akachuchumaa, akamgusa kifua, magoti, vifundo, taratibu, na rangi ikambadilika.

"Mama," alisema, "hii kitu imekuwa hivi siku zote? Sasa mbona hukusema?"

Nilikuwa na majibu mengi, lakini mtoto alihitaji kulazwa, nikauliza wodi iko upande gani.

Walimchunguza kwa muda mrefu, kwanza kuondoa magonjwa ya kutisha zaidi, kisha tukatumwa kwa mtaalamu Nairobi. Yeye ndiye aliyeutaja: ni aina ya baridi yabisi inayoshika watoto, kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe. Nikamuuliza imetoka wapi. "Hatujui," akasema, bila kuona haya, na nikamwamini kwa yote mengine.

Nyumbani kila mtu alishinda. Mume wangu alisema tangu mwanzo yeye alitaja mifupa. Mama mkwe aliposikia neno baridi alipiga makofi: si alisema mtoto havai soksi? Mchungaji aliposikia dawa zimemtuliza, akatuita tukatoe ushuhuda.

Nilienda. Nikasimama mbele nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru mtaalamu, nikaanza kuwaeleza wazazi waliokuwamo kwamba homa inayorudi kila siku ipelekwe hospitali, na wasikubali kufukuzwa. Kipaza sauti kikapata hitilafu ghafla. Kwaya ikaanza kuimba.

Dawa bado anatumia. Kuna miezi mizuri, na kuna asubuhi ambazo vidole vyake havikunjuki mpaka nivikande kwa maji ya moto. Siku ile ya ushuhuda, tukitoka kanisani, nilimnyooshea binti yangu mkono kwenye ngazi. Aliukataa, akashika ukuta, akashuka mwenyewe polepole, huku watu nyuma yetu wakilalamika kwamba tumeziba njia.