Safari Niliyowapangia Wanangu

Mke wangu alipofariki kwa ugonjwa wa figo, binti yetu alikuwa na miaka saba na mdogo wake wa kiume alikuwa na mitatu. Tulikuwa tukikaa Msambweni, nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara iendayo Lunga Lunga, nami nilikuwa mpishi wa asubuhi katika hoteli moja ya Diani. Mpishi wa asubuhi huwasha moto wakati wageni bado wamelala. Kwa hiyo kila siku niliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, nikawaachia watu wengine wanangu.

Mama wa kwanza niliyemwajiri alikaa nasi miezi miwili. Mvua ziliponyesha akarudi kwao Mkongani kulima. Wa pili alikuwa mpole, lakini alikuwa na usingizi mzito. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta mwanangu mdogo ameketi peke yake ukingoni mwa lami, miguu ameinyoosha barabarani, anatazama malori ya miwa yakipita. Nilimbeba mpaka ndani, nikamkuta yule mama bado amelala.

Mama yangu mzazi alikuwa akikaa Bodo, lakini macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho na hata chai alimiminiwa. Aliyebaki ni mama mkwe. Yeye na mumewe walitoka bara zamani wakapata shamba kwenye ardhi iliyogawiwa na serikali nyuma ya Msambweni, na huko ndiko mke wangu alikozaliwa. Mumewe alipokufa, mama mkwe alirudi kwa kaka zake, kijiji kimoja nje ya Kitale. Nilipomsimulia kwenye simu habari ya mtoto na barabara, akaniambia niwapeleke kwake. Atakaa nao mpaka nitakapopata kazi yenye saa za kibinadamu. Nikakubali. Mama yangu alipopata habari alilia, akaniuliza watoto watasoma chuo cha Kurani wapi huko.

Wanangu sikuwaambia. Niliwaambia tu kwamba tunakwenda kumsalimu bibi yao, kwa gari, safari ya siku mbili. Walirukaruka kitandani kwa furaha, na nilipoiona ile furaha nikaingiwa na tamaa ya kuikuza. Nilijiambia kwamba kama siwezi kuwapa kitu kingine, nitawapa safari nzuri.

Kaka yangu anayefanya kazi kwenye miwa Ramisi alikubali kuniazima gari lake dogo. Pale hotelini kulikuwa na dereva mtu mzima ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwachukua wageni na watoto wao kwenda mbugani. Nikamwendea wakati wa chakula, nikamwomba anifundishe kusafiri na watoto. Alifurahi kuulizwa. Alinieleza nisiwape maziwa asubuhi ya kuondoka. Anayetapika nimweke mahali anapoweza kuitazama barabara mbele, na nibebe ndimu ya kunusa. Dirisha la upande wa jua nilizibe kwa leso. Nisingoje watoto waombe kusimama. Nisimame kabla hawajaomba, niwaache wakimbie, kisha tuendelee. Vyakula na vichezeo nisivitoe vyote kwa pamoja. Na jambo kubwa kuliko yote, alisema, mtoto ajue kila wakati kinachofuata. Mtoto asiyejua kinachofuata ndiye anayelia.

Niliyashika maneno yake yote. Nilikata karatasi nikaandika vituo vyetu kwa herufi kubwa ili binti yangu aweze kuvisoma: Likoni, Mariakani, Voi, Mtito Andei, na kuendelea. Nilikaanga kaimati, nikachemsha mayai, nikafunga njugu katika vifurushi vidogo vidogo, kifurushi kimoja kwa kila kituo. Nilinunua kalamu za rangi na kigari cha plastiki nikavificha chini ya kiti. Nilichukua kopo la choo cha mdogo, mifuko ya kutapikia, maji, na leso mbili za mama yao. Kwa muda wa juma zima nilikuwa nikirudi kutoka kazini na kufikiria safari ile tu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko nililala usingizi. Sasa nikikumbuka, naona aibu kwa usingizi ule.

Nguo zao niliziweka katika sanduku moja, nyingi kuliko za matembezi. Sare ya shule ya binti yangu na cheti chake cha kuzaliwa niliviweka chini kabisa.

Tuliondoka alfajiri. Tulivuka Likoni kwa kivuko, ambacho watoto walikipenda sana. Nilimbeba mdogo begani autazame mji ukisogea. Binti yangu nilimpa karatasi na kumwambia kwamba yeye ndiye kondakta: atatuambia tulipo na panapofuata. Aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Kila tulipofika kituo alikikata kwa kalamu, akampa ndugu yake njugu, akachukua zake, akaniuliza kama dereva hajachoka.

Na ilikuwa safari nzuri kweli. Kupita Mariakani tulihesabu malori, yeye mekundu na mdogo wake meupe. Mdogo alijua kuhesabu mpaka sita tu, kwa hiyo kila mara alirudia moja, na dada yake hakumsahihisha. Kabla ya Voi mdogo alitapika kidogo. Tukasimama, nikamwosha uso, akanusa ndimu, akacheka kwa sababu ilimwingia puani. Mbele zaidi tuliona ndovu watatu wekundu kwa vumbi wamesimama mbali na reli, kisha treni ikapita kati yetu na wao, na mwanangu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nilisimamisha gari. Tulikaa pale mpaka treni ikatoweka kabisa.

Baadaye, mdogo alipokuwa amelala, binti yangu aliigeuza karatasi akaitazama nyuma. Nilimwona kwenye kioo.

"Baba," akasema, "mbona umeandika kwenda tu?"

Nilimwambia ya kurudi nitaiandika tukishafika. Akafikiri kidogo.

"Basi nitakuazima kalamu yangu."

Nikasema ahsante, mama. Maana ndivyo nilivyozoea kumwita, mama. Hapo pangekuwa mahali pa kumwambia. Gari lilikuwa kimya, ndugu yake amelala, barabara imenyooka. Badala yake nilitia mkono chini ya kiti nikampa kisanduku cha kalamu za rangi, kituo kizima kabla ya wakati niliopanga.

Tulilala Mlolongo kwa binamu yangu, na siku ya pili tukapanda. Hali ya hewa ilibadilika, nikawavika sweta juu ya sweta. Pale barabara inapoteremka na bonde lote kuonekana chini, niliwashusha wakatazame, na binti yangu akaniuliza kama mama aliwahi kusimama pale. Nikamwambia aliwahi, alipokuwa mdogo, akienda kuwasalimu wajomba zake. Sikujua kama ni kweli. Alikishika chuma cha uzio kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba hii ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu mama afe. Alisema hivi hivi tu, kama anavyosema mtu kwamba chakula kimekolea chumvi. Mimi nilijishughulisha na kumfunga mdogo kamba za viatu.

Tulifika jioni. Mama mkwe alikuwa amesimama langoni na shuka mabegani. Watoto walimwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba huku akilia na kucheka. Usiku ule walikula ugali na maziwa lala, mdogo akayakataa kwa uchachu wake, kisha wakalala mmoja huku na mmoja huku wa bibi yao kama waliokuwa pale siku zote.

Nilikuwa nimepanga hata kuondoka kwangu. Asubuhi ya pili watoto wangepelekwa kuona ng'ombe wakikamuliwa, huko nyuma ya nyumba, nami ningewasha gari nikaenda. Nilimweleza mama mkwe mpango huo jikoni, kwa sauti ya chini. Aliendelea kukoroga uji. Nilidhani hajasikia.

"Ukiondoka hivyo," akasema mwisho, "mimi ndiye nitakayebaki na macho yao. Hapana, mwanangu. Uwaambie wewe."

Basi nikawaita, nikawaketisha kwenye ngazi ya mlango, nikachutama mbele yao. Niliwaambia kwamba watakaa kwa bibi kwa muda, watasoma hapa, na baba atakuja kuwachukua akipata kazi nyingine. Nilisema muda mfupi. Mdogo aliniuliza kama hapa kuna bahari. Nikamwambia kuna mto. Akaridhika, akarudi kwa ndama.

Dada yake aliinuka, akapita kando yangu, akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaketi mahali pake, akafunga mkanda. Nilimfuata. Alikuwa akitazama mbele, mikono mapajani.

"Shuka, mama," nikamwambia.

"Nimeshafunga mkanda."

Nilimwambia tena, na tena. Nilijaribu kumweleza habari ya kazi, ya ndugu yake na barabara, mambo ambayo mtoto hapaswi kuelezwa. Alinisikiliza yote. Kisha akanigeukia akaniuliza jambo moja, bila machozi.

"Njugu zote zile, na kalamu, ulinipa kwa sababu hii?"

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimekwisha kumdanganya njia nzima, na sikuwa na nguvu ya kuanza upya. Nikamwambia ndiyo. Aligeuza uso akatazama mbele tena. Nikaufungua mkanda mwenyewe. Hakupigana nami, alijilegeza tu, akawa mzito kama mtoto aliyelala, na mama mkwe akaja akampokea mikononi mwangu. Nilipokuwa nikitoka langoni sikumsikia akilia. Nilishusha kioo makusudi nisikie, lakini niliyemsikia ni mdogo, akicheka na ndama.

Kurudi nilisimama kwa mafuta na kwa sala tu. Kaka yangu wa Ramisi aliponipokea gari aliniuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa nzuri, watoto hawakusumbua.

Kwa wiki kadhaa binti yangu hakutaka kuzungumza nami kwenye simu. Mama mkwe alikuwa akimwita, nikasikia nyayo zikija, pumzi karibu na simu, kisha nyayo zikiondoka. Alipoanza tena kuzungumza, alinipa salamu kamili: shikamoo, hamjambo huko, bibi hajambo, sisi hatujambo. Salamu za mgeni mwenye adabu. Mdogo aliongea mengi, lakini kila mwezi maneno yake yalizidi kuwa ya bara, na siku moja aliniita anko. Dada yake alimsahihisha kwa nyuma. Nilimsikia akimwambia, huyo ni baba.

Ule muda mfupi nilioutaja ulikuwa mwaka mmoja na nusu. Mwishowe nilipata kazi ya kupika katika shule moja ya bweni si mbali na Msambweni, zamu ya mchana, malipo madogo kuliko ya hotelini. Nilikwenda kuwachukua kwa gari lile lile. Safari hiyo sikuandika chochote wala sikununua chochote, niliogopa. Mdogo alilala njia nzima. Binti yangu hakufumba macho hata mara moja, tangu Kitale mpaka Mlolongo, na siku ya pili tangu Mlolongo mpaka nyumbani. Kila niliposimama kwenye kituo cha mafuta alimshika ndugu yake mkono na hakukubali kushuka. Nilimletea maji dirishani. Alikojoa mara moja tu, kwenye kopo la mdogo wake, akiwa na miaka karibu tisa, nami nimegeuka nikitazama barabara.

Imekuwa miaka minne sasa. Wanasoma vizuri, wana afya, chuo wanakwenda. Mama mkwe alikufa mwaka jana, tukaenda kumzika, kwa basi, kwa sababu binti yangu aliomba iwe kwa basi. Hatujawahi kugombana kuhusu jambo lile. Nilimwomba radhi mara moja, jikoni, naye akaniambia amekwisha kusahau, kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua inapoanza.

Mdogo wake hakumbuki mengi ya Kitale, lakini safari ile anaipenda. Huniomba nimsimulie mara kwa mara, ndovu, na treni, na ndimu iliyomwingia puani, na mimi humsimulia, kwa sababu ni kweli kwamba alifurahi. Dada yake akinisikia nimeanza, huinuka taratibu, akaenda nje kuanua nguo kambani, hata zikiwa bado mbichi.